Kigugumizi visiwani: msaada usiosubiri mtaalamu avuke maji

Kila ninapomweleza mtu wa mjini kwamba mimi na wenzangu wachache huzunguka mialo, yaani fukwe ambako wavuvi hushusha samaki, na visiwa vya Mkoa wa Mwanza tukizungumza na watu kuhusu kigugumizi, huulizwa kama watu wa huko hawana shida kubwa zaidi ya hiyo. Hutajiwa malaria, kichocho, maji salama, barabara na madawati. Wanaouliza si watu wabaya, na orodha yao ni ya kweli. Hata hivyo, kigugumizi hakikai pembeni ya shida hizo kikisubiri zamu yake. Mgonjwa ambaye maneno yamemkwama mbele ya tabibu mwenye foleni ndefu hutaja dalili moja badala ya tatu, akatoka na dawa ya hiyo moja. Mvuvi ambaye hawezi kubishia mizani kwa haraka hukubali kilo alizosomewa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Manispaa ya Ilemela na nina kigugumizi tangu utotoni, kwa hiyo sizungumzi habari za kusimuliwa. Ninachotaka kusema ni kwamba sehemu kubwa ya msaada anaouhitaji mtu mwenye kigugumizi inaweza kutolewa na watu ambao tayari wako kisiwani, yaani mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu, mzazi na viongozi wa mwalo, mradi wafundishwe mambo sahihi na wasiahidi kuponya.

Kigugumizi ni hali ambayo mtu analijua kabisa neno analotaka kulisema, lakini haliwahi kutoka kwa wakati wake: anarudia sauti ya kwanza, au anaivuta, au anakwama kimya huku uso umekaza. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 2 na 5, wakati mtoto anapoanza kuunganisha maneno kuwa sentensi. Takriban mtoto mmoja kati ya 20 hupitia kipindi hicho, na wengi wao hukiacha kabla ya kumaliza shule ya msingi. Wanaobaki nacho ukubwani ni kama mtu mmoja kati ya 100. Watoto wa kike na wa kiume huanza kwa idadi zisizopishana sana, lakini wasichana hupona zaidi, na ndiyo maana ukubwani huhesabiwa wanaume kama wanne kwa kila mwanamke mmoja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3.6 katika mkoa wetu. Hata ukikadiria kwa ubahili, unapata maelfu ya watu wazima wanaoishi nacho, na wengi wao hutawasikia kwa sababu wamejifunza kunyamaza.

Kuhusu chanzo, tunasikia mengi mialoni. Wapo wanaosema mtoto alitekenywa sana, wapo wanaosema alimwiga mwenye kigugumizi, wapo wanaosema alipatwa na mshtuko. Wengine humpeleka mtoto akakatwe udata chini ya ulimi kwa wembe, jambo ambalo halina uhusiano wowote na kigugumizi na linaweza kumletea mtoto kidonda, kutokwa damu na maambukizi. Utafiti wa miongo ya karibuni umeelekeza kwingine kabisa: kwenye ubongo, hasa njia zinazopanga wakati na mfuatano wa matamshi, na kwenye urithi. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walioongozwa na Dennis Drayna walitangaza mabadiliko katika jeni tatu yaliyoonekana kwa watu wenye kigugumizi, baada ya kuanza uchunguzi kwa familia za Pakistan, na mwaka 2015 wakaongeza jeni nyingine waliyoifuatilia kupitia ukoo mmoja mkubwa wa Kameruni. Huwa ninapenda kuutaja ukoo huo wa Kameruni ninapozungumza na wazee, kwa sababu mara moja mzee mmojawapo huanza kuhesabu vidole: babu alikuwa nacho, baba mdogo alikuwa nacho, na huyu mjukuu sasa. Hapo lawama humtoka mama. Kwa kawaida ndiye aliyekuwa akishutumiwa kwamba alimlea mtoto vibaya.

Swali linalokuja baada ya hapo karibu kila mahali ni hili: kama kigugumizi ni cha kweli, mbona akiimba hakipo? Swali hili lina uzito kwa jamii ya ngoma na kwaya kama yetu, ambamo kijana asiyeweza kutaja jina lake sokoni anaweza kuongoza wimbo kwenye ngoma za Kisukuma bila kukwama hata mara moja. Watu huhitimisha kwamba anajifanya. Ukweli ni kwamba kuimba, kusoma kwa pamoja na kukariri kwa mdundo hupunguza kigugumizi kwa karibu kila mwenye nacho, duniani kote, kwa kuwa mdundo na sauti za wengine humpa msemaji wakati wa kuanzia ambao ubongo wake hauupangi vizuri akiwa peke yake. Kwa hiyo Baba Yetu ya pamoja kanisani inatiririka, na visomo vya watoto wa madrasa vinatiririka, kisha mtoto yuleyule anaulizwa swali peke yake na anakwama. Hilo si ujanja wake. Ni jinsi hali yenyewe ilivyo, na mwalimu akilijua anaweza kulitumia kumsaidia.

Nyumba za ibada, kwa njia, ni mlango mzuri kuliko ofisi nyingi. Wakristo wana Kutoka 4:10 na Waislamu wana Surat Taha aya ya 27, na kote huko ni Nabii Musa akimlalamikia Mungu juu ya ulimi wake. Sijawahi kukutana na shehe wala padri aliyenikatalia dakika kumi baada ya kumkumbusha hilo. Wapo wanaodakia kwamba Musa alipewa Haruni amsemee, kwa hiyo nasi tumtafutie mtoto msemaji. Huwajibu kwamba waliokwenda kwa Farao walikuwa wawili.

Sasa niseme kuhusu umbali, kwa sababu ndio unaofanya ushauri wa kawaida wa mjini usifae. Mzazi wa Ukara anapoambiwa “mpeleke mtoto hospitali kubwa”, maana yake ni kivuko hadi Bugolora, gari hadi Nansio, kivuko kingine hadi Mwanza au kivuko cha Rugezi na Kisorya kisha barabara ya kupitia Bunda, kulala kwa ndugu kama yupo, na kupoteza siku za kazi za watu wawili. Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewarahisishia sana watu wa Sengerema, lakini mtu wa Kome na Maisome bado ana maji mbele yake. Baada ya safari hiyo yote, mtoto huangaliwa masikio na koo, huonekana hana tatizo, na mzazi huambiwa kwamba ataacha akikua. Tulikutana na mama aliyefanyiwa hivyo katika hospitali moja. Alichojifunza, alisema, ni kwamba hata wenye vyeti hawajui, na baada ya hapo alimwendea mganga aliyekuwa karibu na aliyemsikiliza kwa saa nzima. Siwezi kumlaumu kwa hesabu yake.

Mtu anaweza kudhani kwamba kliniki ya watoto ingetosha, maana zahanati zipo hadi visiwani na kadi ya mtoto hufuatilia ukuaji hadi miaka 5. Tatizo ni umri. Mama wengi huhudhuria kwa bidii mpaka chanjo ya pili ya surua na rubela, ambayo hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, kisha mahudhurio hupungua sana kwa kuwa hakuna sindano inayomwita. Kigugumizi huanza baada ya hapo. Yaani kinaingia kwa mtoto katika miaka ileile ambayo mfumo wa afya humwona mara chache kuliko wakati mwingine wowote kabla ya shule. Nilipoligundua hilo nilielewa kwa nini wauguzi wengi wa zahanati hutuambia kwa unyofu kabisa kwamba kwao hakuna watoto wenye kigugumizi.

Zipo nafasi mbili za kuziba pengo hilo bila kujenga chochote kipya. Ya kwanza ni mwezi wa afya na lishe ya mtoto, Juni na Desemba, wakati watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapopewa matone ya vitamini A, na wa miezi 12 hadi 59 dawa za minyoo, mama wa mtoto wa miaka 3 yuko pale kwenye foleni, na swali moja tu, “je, mtoto hukwama au kurudia sauti anapozungumza?”, halichukui muda. Ya pili ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao huingia nyumba kwa nyumba. Serikali ilizindua mwanzoni mwa mwaka 2024 mpango wa kuandaa zaidi ya 137,000 kati yao nchi nzima, na kwa maoni yangu hakuna kundi linalofaa zaidi kwa kazi hii, kwa sababu mhudumu huyo hukaa kwenye jamvi la nyumba, humsikia mtoto akicheza, na huzungumza lugha ya nyumba hiyo, iwe Kikerewe, Kijita, Kizinza au Kisukuma.

Lugha ya nyumbani ina kisa chake. Baadhi ya wazazi hushauriwa waache kilugha na wamsemeshe mtoto Kiswahili peke yake ili “asichanganyikiwe”. Kuzungumza lugha mbili hakusababishi kigugumizi, na mtoto aliyenyimwa lugha ya bibi yake hupoteza mtu wa kuzungumza naye bila kupata ufasaha wowote kwa malipo. Mhudumu awe mwangalifu kwa jambo moja tu: mtoto anayetafuta neno katika lugha asiyoijua vizuri husitasita kama mtoto yeyote, na kusitasita huko si kigugumizi. Ndiyo maana ni lazima asikilizwe katika lugha anayoitumia zaidi.

Tunachowafundisha wahudumu wawaambie wazazi ni kidogo kwa makusudi. Mzazi apunguze kasi ya maneno yake mwenyewe, badala ya kumwamuru mtoto apunguze yake. Amtazame mtoto usoni na asubiri, hata kama kusubiri kunaonekana kurefu, na asimmalizie neno. Nyumbani watu wazungumze mmoja mmoja, jambo ambalo ni gumu kwa nyumba yenye watoto saba, lakini linawezekana angalau wakati wa kula. Atenge dakika tano kwa siku za kuwa na mtoto huyo peke yake bila maswali mengi. Yale tuliyozoea kuyasema kwa nia njema, yaani “vuta pumzi”, “tulia kwanza”, “anza upya”, ayaache, kwa sababu humfundisha mtoto kwamba kusema ni mtihani. Kukemea ni kubaya zaidi. Mwaka 1939, katika jimbo la Iowa huko Marekani, watoto yatima walifanyiwa jaribio la kukosolewa kila waliposema, ili ionekane kama watakuwa na kigugumizi. Hawakuwa nacho, lakini baadhi yao waliingiwa na haya na kuacha kuzungumza, na chuo kikuu kilichohusika kiliomba radhi mwaka 2001. Huwasimulia hilo wazee wanaoamini kwamba fimbo hunyoosha ulimi.

Mhudumu hufundishwa pia ni mtoto gani asisubiriwe. Ikiwa kigugumizi kimedumu zaidi ya miezi sita hadi kumi na miwili, ikiwa kuna mtu wa ukoo aliyebaki nacho hadi ukubwani, ikiwa kilianza mtoto akiwa ameshapita miaka mitatu na nusu, ikiwa anakaza uso au kupiga mguu ili neno litoke, au ikiwa ameanza kukataa kuzungumza, basi huyo apewe kipaumbele cha kumwona mtaalamu. Wengine wafuatiliwe. Kauli ya “ataacha akikua” ni kweli kwa watoto wengi, na ndiyo inayowaponza wale wachache ambao hawataacha.

Shuleni mambo ni mengine, na huko niko nyumbani. Mtoto wa darasa la kwanza na la pili hupimwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na katika kusoma hupimwa kwa sauti, mara nyingi kwa kuhesabu maneno aliyoyasoma kwa dakika moja. Mtoto mwenye kigugumizi anaweza kuwa anasoma kwa macho haraka kuliko mwalimu anavyofikiri, lakini dakika ikaisha akiwa kwenye neno la nne. Huandikwa kwamba hajui kusoma. Kuanzia hapo huwekwa na watoto wanaorudia silabi, miezi inapita, na mwisho wa yote anakuwa kweli nyuma, kwa sababu hakupewa vitabu vya kiwango chake. Nimeyaona hayo katika shule zaidi ya moja na sioni sababu ya kuyanyamazia. Dawa yake haihitaji bajeti: mpe aya asome kimya kisha ajibu maswali kwa kuandika au kwa kuonyesha picha, au asome sambamba na mwenzake, ambapo ule mdundo wa pamoja niliousema humbeba. Wakati wa kuita majina ya mahudhurio, kubaliana naye faraghani kwamba atanyoosha mkono badala ya kusema “nipo”. Usimruke kwenye maswali, maana kumruka ni kuwaambia darasa zima kwamba yeye hayumo. Muulize yeye mwenyewe anataka kuitwa lini, mwanzoni kabla hofu haijapanda au akinyoosha mkono tu. Watoto wengi hujibu swali hilo vizuri kabisa. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Nyumbani na njiani kuna shikamoo. Salamu hii haina mbadala. Mtoto hawezi kuizunguka kwa neno lingine kama anavyofanya kwa maneno mengine yanayomkwamisha, na ina wakati wake, kwa sababu mzee anapita na hasubiri. Mtoto akikwama, mzee huona mtoto aliyemkodolea macho bila kumwamkia, na habari hufika kwa baba kabla ya jua kuzama kwamba mwanawe hana adabu. Nimekutana na watu wazima waliopigwa kwa ajili ya shikamoo wasiyoweza kuitamka, na ambao mpaka leo hubadili njia wakimwona mzee kwa mbali. Kwa hiyo katika kila mkutano wa kijiji huwa tunaomba wazee jambo moja kwa heshima zote: mtoto anayejulikana kuwa na kigugumizi akiinama au akitoa mkono, pokea hiyo kuwa salamu. Wazee wa Ukerewe tuliowaomba hawakuhitaji kubembelezwa, na mmoja wao aliuliza kwa nini hakuna aliyewaambia mapema.

Kwa watu wazima tunasema wazi tangu mwanzo kwamba hatuna dawa, na kwamba hakuna dawa. Kinachowezekana ni mtu kusema kwa kukaza misuli kidogo zaidi kuliko zamani, kuogopa kidogo zaidi kuliko zamani, na kusema mara nyingi zaidi. Charles Van Riper, Mmarekani aliyekuwa na kigugumizi mwenyewe na aliyeifanyia kazi tiba hii kwa miongo mingi, aliacha mbinu ambazo mtu anaweza kufundishwa bila mashine yoyote: kusimama baada ya neno lililokwama na kulisema tena taratibu, kulilegeza likiwa bado limekwama, na hatimaye kuliingia neno gumu kwa utulivu kabla halijakwama. Kabla ya hayo yote kuna zoezi la kugugumiza kwa makusudi mbele ya watu, ambalo kila mtu hulikataa mara ya kwanza. Anayelifanya hugundua kwamba muuza vocha hakuanguka wala kucheka, na hofu aliyoishi nayo miaka mingi hupungua kuliko ambavyo maneno yangu yangeweza kuipunguza.

Ukubwa wa hofu hiyo unaonekana kwenye hesabu za biashara. Mama mmoja anayeuza dagaa kwa sado alitueleza kwamba kwa muda mrefu aliuza kwa elfu nne bidhaa ambayo wenzake waliiuza elfu tano, kwa sababu “tano” ilikuwa inamkwama na “nne” haikumkwama. Wanawake wenye kigugumizi hujificha zaidi kuliko wanaume, na kwa kuwa ni wachache hudhani kila mmoja wao yuko peke yake. Alipoandika bei kwenye kipande cha boksi na kukisimamisha juu ya ndoo, alirudisha elfu moja yake kwa kila sado. Hilo halikuwa tiba ya usemi, wala hatukumwambia kwamba ni tiba. Mazoezi ya kuitamka “tano” yalikuja baadaye, kwa kasi yake.

Kwa wavuvi, hatari iko majini. Ziwa hili limegawanywa kati ya nchi tatu, Tanzania ikiwa na takriban asilimia 51, Uganda 43 na Kenya 6, na chombo kinachosimamishwa na doria huulizwa maswali mafupi kwa sauti ya amri: jina, kwenu wapi, mwenye mtumbwi nani. Jina la mtu mwenyewe ndilo neno ambalo wengi wetu hulikwama kuliko yote, kwa sababu nalo halina mbadala. Anayekwama kwenye jina lake huonekana analitunga. Tunawashauri wavuvi wenye kigugumizi wawe na kitambulisho cha taifa ndani ya mfuko wa plastiki usioingia maji, na waanze kwa kusema “nina kigugumizi” au, neno hilo likigoma, wawe wamelibandika nyuma ya kitambulisho. Viongozi wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia uvuvi mwaloni, tumewaomba walifikishe jambo hilo kwa askari na maofisa wanaofanya doria, kwa kuwa wao huitwa kwenye vikao vyao na sisi hatuitwi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, na ni vizuri kuijua, lakini katikati ya maji usiku mtu anahitaji kitu ambacho tochi inaweza kukisoma.

Mikutano yetu na wavuvi hufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na hupumzika siku za mbalamwezi, hivyo atakayepanga semina kwa kalenda ya ofisi atazungumza na nyavu zilizoanikwa. Siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu kigugumizi ni 22 Oktoba, nayo imekuwepo tangu mwaka 1998, lakini tarehe hiyo ikiangukia giza, sisi huiadhimisha wiki nyingine bila wasiwasi. Tunakaa chini ya mti au kwenye banda la mnada wa samaki. Hakuna anayemmalizia mwenzake neno, hakuna anayetazama saa, na asiyetaka kusema hasemi. Mambo hayo matatu yanatosha kuwafanya watu warudi.

Haya yote hayaondoi haja ya wataalamu, na sitaki msomaji adhani ninasema hivyo. Mbinu zenye ushahidi mzuri kwa watoto wadogo, kama ile ya Lidcombe iliyoanzia Australia, ambamo mzazi ndiye anayetoa tiba kila siku, hufanya kazi kwa sababu mtaalamu humwongoza mzazi huyo kila wiki na kumsahihisha. Kuijaribu kwa kusikia tu redioni kunaweza kugeuka kuwa ukosoaji wa mchana kutwa. Ng’ambo ya ziwa, Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa kikifundisha tiba ya usemi na lugha tangu mwaka 2008, na wahitimu wake wanazifahamu jamii zinazofanana na zetu kuliko mtaalamu wa mbali. Lidcombe imejaribiwa pia kwa njia ya video, na watoto wakafanikiwa karibu sawa na wale waliofika kliniki. Kwa hiyo simu moja nzuri kwenye zahanati yenye umeme wa jua, na saa moja kwa wiki ambayo mtandao haukati, zingeweza kuokoa safari niliyoieleza hapo juu kwa wale watoto wachache wanaoihitaji kweli. Muda wa mtaalamu uende kwao. Wengine wote wabebwe na mhudumu na mwalimu.

Kuhusu wanaouza uponyaji wa siku saba kwa fedha, iwe kwa mitishamba au kwa mazoezi ya mtandaoni, nitasema kwa ufupi. Kigugumizi kina tabia ya kupanda na kushuka chenyewe, na anayelipwa wakati kinashuka huchukua sifa ambayo si yake. Kikipanda tena, mteja hulaumiwa kwamba hakufuata masharti.

Shida ambayo bado inatusumbua ni familia zinazohama. Kambi za uvuvi hufuata samaki, na mtoto aliyeonekana Ukerewe mwezi wa sita anaweza kuwa Kome mwezi wa tisa, akiwa na mhudumu mwingine na mwalimu mwingine wasiojua kilichokwisha kufanyika. Muuguzi mmoja wa zahanati alitupatia wazo rahisi kuliko yote tuliyokuwa tumeyajadili: aliandika kwenye nafasi ya maelezo ya kadi ya kliniki mwezi ambao kigugumizi kilianza, nani mwingine katika ukoo anacho, mama ameelekezwa nini, na lini mtoto asikilizwe tena. Kadi huhama na mtoto, kwa sababu mama huitunza pamoja na vyeti vyake. Tumeandika barua kwa mganga mkuu wa wilaya mojawapo tukiomba utaratibu huo utumike katika zahanati zote za visiwani, na tumeambatisha mfano wa mistari minne ya kuandikwa ili muuguzi asiongezewe daftari jipya. Wakati tunasubiri majibu, tunamwomba kila mama tunayekutana naye atuonyeshe kadi, na muuguzi akikubali, mistari hiyo minne huandikwa hapohapo.